Herufi Isiyotamkwa Isiwe Fimbo

Juma hili nazungumzia neno la Kiingereza lililowaponza wanafunzi wengi: "island", yaani kisiwa. Herufi "s" imo, lakini haitamkwi. Mtoto akiisahau hukatwa alama, na pengine huchekwa na darasa zima.

Basi sikilizeni kisa chake. Zamani Waingereza waliliandika neno hilo bila "s", kwa mfano "iland". Katika karne ya 16 wakalidhania kuwa ni ndugu wa "isle", neno la Kifaransa lenye asili ya Kilatini, wakaichomeka "s". Kumbe neno lilikuwa la Kiingereza chenyewe! "Debt", yaani deni, nalo lilitoka kwa Wafaransa likiwa "dette". Wasomi wakalipachika "b" ili lifanane na "debitum" ya Kilatini.

Vitabu vya mitambo ya chapa, ambayo William Caxton aliianzisha Uingereza mwaka 1476, vikayaeneza maandishi hayo. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ikayatia muhuri. Kosa likageuka sheria.

Sisemi tusijifunze Kiingereza. Tujifunze, tena barabara, na tahajia yake tuikariri. Lakini kumwita mtoto mjinga kwa herufi hiyo ni kumwonea. Kiswahili kimemzoesha kuandika anavyotamka, na alichoandika ndicho walichoandika Waingereza wenyewe kabla hawajateleza. Mwalimu, msahihishe, umweleze na sababu. Usimcheke.