Askari wa Simba mbele ya Bendera, 1965

Ukisema Bendera leo, watu wanawaza umeme. Mwaka wa 1965 jeshi la serikali lilikuwa na ngome pale, ikiitwa Front de Force, na waasi wa Simba walipiga kambi zao milimani, wakiitazama.

Askari wa kawaida hakuona mapigano kila siku. Aliona njaa, baridi ya mlimani, na mizigo. Chakula na risasi vilitoka Kigoma kwa mashua, vikashushwa Kibamba, kisha vikapandishwa mlimani mabegani. Wengi walikataa: wao ni askari, si kamyo. Walikula bukari, nyama siku ya bahati. Kuingia kwenye mashimo ya kujikinga nako hawakutaka, maana shimo ni la maiti.

Kinga yao ilikuwa dawa ya mganga, yenye masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usiogope. Aliyeuawa alihesabiwa kuwa amevunja sharti. Kwa hiyo mtu alipoteza ndugu, na bado aliambiwa kosa ni la marehemu. Labda hilo lilikuwa gumu kuliko njaa.

Mwisho wa Juni walishambulia Bendera pamoja na Wakuba wa Che Guevara, aliyeitwa Tatu. Wengi walikimbia. Wakuba 4 walikufa, na kwa mmoja wao jeshi liliokota daftari. Ndipo serikali ikajua wageni hao ni nani.

Viongozi wakubwa, wao, walionekana kambini kwa nadra. Mwezi wa 11 Wakuba walivuka ziwa usiku kurudi Kigoma. Wapiganaji wengi Wakongomani waliachwa ufukoni.