Historia Inayouzwa kwa Kilo

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya magari. Sizungumzii bei ya mafuta wala ajali, mambo ambayo tumekwisha kuyasema sana na bado tutayasema. Nazungumzia magari kama vitu vya kutazamwa. Mimi ni mmoja wa wale ambao gari la ajabu likipita husimama mpaka lipotee kwenye kona, hata wapita njia wakadhani nimedondosha hela.

Mji wa Songea ni mahali pazuri kwa mtu mwenye tabia hiyo. Simama kando ya barabara kuu kwa saa moja tu. Yatapita malori makubwa yenye matrela, yamefungwa maturubai, yakitoka na makaa ya mawe ya Ngaka wilayani Mbinga kwenda bandari ya Mtwara. Zitapita Fuso zilizojaa mahindi. Katikati yake watapenya vijana wa pikipiki, ambao Songea huitwa yeboyebo, pamoja na bajaji na kirikuu zenye mizigo ya sokoni. Halafu, ukiwa na bahati, itapita Land Rover 109 ya zamani, rangi imefifia, mlango umefungwa kwa kamba, injini inakohoa kama mzee aliyeamka alfajiri. Hapo ndipo mimi husimama.

Kwa nini nisimame? Kwa sababu gari la zamani ni shahidi, na ushahidi wake huanza kwenye namba. Ukiona ST, hilo lilikuwa la Serikali. SU ni la shirika la umma. DFP ni la mradi wa wafadhili. Namba peke yake inaweza kukwambia ni nani alilileta na kwa kazi gani. Ukitaka kujua zaidi, itakubidi urudi nyuma kabla ya magari.

Zamani mzigo wa nchi hii ulipita juu ya kichwa cha mtu. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, kwa hiyo mnyama wa kubeba hakuwapo. Katika njia ya kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, pembe za ndovu zilibebwa mabegani, na wengi waliozibeba walikuwa watumwa, nao wenyewe ni bidhaa. Ulipofika ukoloni, mzigo ulibaki pale pale kichwani. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 wapagazi walichukuliwa kwa maelfu, na wengi hawakurudi makwao. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Basi lori lilipofika Ungoni, jambo la kwanza lililofanya ni kushusha mzigo kichwani mwa binadamu. Tusilisahau hilo tunapolicheka kwa moshi wake.

Lakini lori halikuleta heri tupu. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku wa Songea walianzishiwa chama chao cha ushirika, NGOMAT, chama cha Wangoni na Wamatengo, na barabara za vumbi zikaanza kubeba jasho la mkulima kwenda kwenye soko la dunia. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, iliyoitwa SILABU. Songea ikawa moja ya sehemu zilizotoa watu wengi. Kabla ya hapo vijana walikwenda mkonge kwa miguu, majuma kwa majuma. Sasa walipakiwa kwenye malori, kila mmoja na namba yake, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Bila shaka kwa wengi wao safari ya kwanza ya gari maishani ilikuwa hiyo, wamebanana nyuma wakiiacha milima ya kwao. Wako waliorudi na baiskeli na shuka. Wako waliozikwa Tanga na Morogoro.

Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Baada ya vita vya Hitler chuma kilikuwa adimu kule, hivyo bodi yake ikaundwa kwa aluminiamu. Ndiyo sababu Land Rover iliyozidi umri wa mwenye nayo bado haijaoza kwa kutu. Gari hilo lilimbeba bwana shauri wa kikoloni, kisha likambeba mganga, mmisionari, bwana shamba na polisi. TANU nayo ilipita na Land Rover vijijini kudai Uhuru. Gari lile lile lilileta amri na likaleta habari za kuiondoa amri.

Baada ya Uhuru, kusini kuliendelea kuwa mbali. Mabasi ya KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na malori aina ya Bedford na Leyland yalihangaika na matope. Masika yakiingia, safari ilikuwa ya siku kadhaa. Utingo alikuwa mtu wa maana kuliko abiria yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyeshuka na jembe, minyororo na magogo. Reli ya TAZARA ilipoanza kazi rasmi mwaka 1976, kituo kilichotufaa kilikuwa Makambako, karibu kilometa 300 kutoka Songea. Lami ya kutuunganisha na Makambako, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza, ilikuja katika miaka ya 1980. Katikati ya hayo, vilipozuka vita vya Kagera mwaka 1978, malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa nchini kote kubeba askari na vyakula. Basi mtu asiniambie kwamba lori kuukuu ni bati tu.

Na sasa yanakwenda wapi? Yanakwenda mizani. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kwenye magereji na nyuma ya maghala, wanapima kwa kilo. Springi iliyopanda milima ya Lukumburu inakatwa kwa gesi. Mlango wa Land Rover unayeyushwa na kumiminwa kuwa sufuria. Simlaumu anayeuza. Gari bovu halilishi watoto wala halilipi ada ya shule, na lisilo na breki halifai kurudi barabarani kwa sababu tu lina historia. Ninachouliza ni kitu kingine: je, ni lazima tuuze yote, tusibakize hata moja?

Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, imehifadhi magari waliyopanda wakubwa, likiwamo gari aina ya Rolls-Royce. Ni vizuri, na watoto wetu wayaone. Lakini wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Lori lililobeba manamba, lililobeba tumbaku na mahindi, lililolala matopeni na abiria wake, limehifadhiwa wapi? Waliopanda gari la mkubwa ni wachache. Waliopanda nyuma ya Bedford ni nusu ya ukoo wako na wangu.

Arusha wametuonyesha njia. Mwezi Oktoba 2024 walifanya tamasha la Land Rover, wenye magari wakaja kwa mamia, na mji ukajaa watu waliokuja kutazama tu. Magari yale yale ambayo jana yaliitwa mikweche yaliwaletea biashara wenye hoteli na mama lishe.

Sisi Songea tunayo Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika pale kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Naomba wahusika wafikirie jambo dogo. Lipatikane lori moja na Land Rover moja, vijengewe banda lenye paa zuri, na pembeni pawekwe maelezo ya gari lilitoka wapi, lilibeba nini na nani aliliendesha. Wala si gari peke yake. Madereva wa zamani, matingo na mafundi waliochonga vipuri kwa tupa wakati duka halina kitu bado wako Lizaboni, Mfaranyaki na Majengo. Wafuatwe na kinasa sauti sasa, maana wao hawana mnunuzi wa kilo wala karakana ya kuwafufua.

Na wewe msikilizaji, kama nyuma ya nyumba yenu kuna gari la babu limekaa juu ya mawe, kabla hujamwita mwenye mizani kaa na babu, umwulize lilikwenda wapi. Andika majibu. Chuma ukishakiuza hukipati tena, lakini habari zake unaweza kubaki nazo.