Muongo wa Siku Kumi

Kabla ya kila vuli na kila masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa msimu, na katika kurasa zote hizo kuna neno moja linalobeba mzigo kuliko mengine: wastani. Kanda hii inatarajiwa kupata mvua za wastani hadi juu ya wastani. Ile, wastani hadi chini ya wastani. Redio husoma, maafisa ugani hurudia, na mkulima wa Bunda mwenye mbegu za mahindi mkono mmoja na za mtama mkono mwingine bado hajaambiwa atangulize zipi.

Neno lenyewe halina kosa. Kwa hesabu za TMA, mvua ya wastani ni ile inayoangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha muda mrefu. Kwa hiyo mahali palipozoea milimita 400 kwa masika pamepata wastani pakipewa 300, na pamepata wastani pakipewa 500. Na hapo hatujagusa siku. Milimita 400 zinaweza kushuka kidogo kidogo kuanzia Machi hadi Mei, leo zikinyesha, kesho zikipumzika. Zinaweza pia kushuka kwa vishindo vinane, kila kimoja cha milimita 50, kile kiwango ambacho kikipitwa ndani ya saa 24 TMA huita mvua kubwa, na katikati ya vishindo hivyo jua likapasua ardhi wiki mbili mbili. Kwenye takwimu, misimu hiyo miwili haina tofauti. Kwenye ghala, mmoja umeleta magunia na mwingine umeacha mabua ya kulishia ng'ombe.

Hapo ndipo Kiswahili chetu cha hali ya hewa kinaponipwaya. Kimeshiba maneno ya kiasi, kina njaa ya maneno ya wakati. Zao halili jumla ya msimu.

Si kwamba wasemaji hawana maneno hayo. Fika Nyamuswa, upande wa Bunda, mwanzoni mwa Machi, siku moja baada ya mvua nzito, umwamkie mzee aliyekaa barazani.

"Shikamoo babu. Naona mvua zimeanza."

"Marahaba mjukuu wangu. Zimenyesha."

Basi, hataongeza. Kati ya kunyesha na kuanza pana somo zima. Kanuni moja inayotumiwa sana na wataalamu husema mvua haihesabiwi kuwa imeanza mpaka zishuke walau milimita 20 ndani ya siku moja hadi tatu, na tena, katika mwezi unaofuata, usitokee ukavu wa mfululizo unaozidi siku saba au kumi. Babu hana kipimo cha mvua, lakini sharti hilo la pili ndilo analolisubiri. Mbegu ikipata unyevu hufura, huchungulia, na ikikosa maji baada ya kuchungulia hufa. Anayepanda kwa neno "zimenyesha" hununua mbegu mara mbili.

Kuna na maneno ya chini zaidi. Manyunyu, ambayo hulowesha shati. Rasharasha, ambayo hutuliza vumbi na kumdanganya mgeni. Kisha kuna kusuasua, neno ninalolipenda kupita yote. Mvua ya kusuasua haijapungua kwa lazima, wala haijachelewa kwa lazima. Imekuja ikasita, ikaja ikasita. Nina hakika neno hili linaeleza hasara nyingi za mahindi kuliko "chini ya wastani", na bado hubaki mdomoni mwa wakulima na kwenye vichwa vya habari. TMA, ili niwatendee haki, nao wamejitahidi: taarifa zao sasa huzungumzia mtawanyiko wa mvua, vipindi virefu vya ukavu, hata mvua za nje ya msimu. Ila msikilizaji hukumbuka wastani.

Sasa nije kwenye neno ambalo tulikuwa nalo tukaliachia.

Leo muongo ni miaka kumi, na hakuna anayelishangaa. Lakini katika hesabu ya kale ya pwani, muongo ulikuwa siku kumi. Mwaka wa jua wa Waswahili, unaofunguliwa na Nairuzi, sikukuu ambayo Makunduchi huijua kama Mwaka Kogwa, ulikuwa na siku 365 zilizohesabiwa kumi kumi: miongo 36, na siku tano za mwishoni. Kalenda ya mwezi mwandamo iliachiwa ibada, kwa sababu ni fupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11 na haiwezi kumwambia mtu lini apande. Mkulima na nahodha walihesabu miongo tangu Nairuzi.

Cha ajabu ni kwamba sayansi ya hali ya hewa na kilimo ilizunguka dunia ikarudi palepale. Wataalamu wake huugawa mwezi vipande vitatu vya siku kumi kumi, kwa kuwa wiki ni fupi mno kuonyesha mwenendo wa mvua na mwezi ni mrefu mno kuokoa zao. TMA nao hutoa taarifa za siku kumi kumi kwa ajili ya wakulima. Wazungu walilazimika kutafuta namna ya pekee ya kuandika neno lao ili kipindi hicho kisichanganywe na miaka kumi. Sisi neno lilikuwapo, tukalipandisha daraja kuwa la miaka, na shamba likabaki bila kipimo chake.

Tazama hasara. Huo wastani unaotangazwa hukokotolewa kwa miaka 30, siku hizi kuanzia 1991 hadi 2020: miongo mitatu kwa maana mpya. Mahindi ya muda wa kati hukaa shambani siku 100 hadi 120: miongo kumi hadi kumi na miwili kwa maana ya kale. Ndani ya muda huo, pale mbelewele zinapochomoza na hindi kutoa nywele, pana muongo mmoja kabla na mmoja baada ambao ukipita bila maji hakuna mvua ya baadaye itakayorekebisha. Chavua humwagika kabla nywele hazijawa tayari kuipokea, na hindi hukomaa likiwa na mapengo. Msimu unaweza kufunga hesabu kwa asilimia 100 ya wastani huku miongo hiyo miwili ikiwa imekauka kabisa.

Mtama una busara ya aina nyingine: ukavu ukizidi hukunja majani na kusimama, mvua ikirudi huendelea ulipoachia. Muhogo hupukutisha majani ukavumilia. Ndiyo maana tangu enzi za mkoloni wakulima waliamriwa kupanda mazao hayo, yakabandikwa jina lisilo na shukrani, mazao ya njaa, ilhali kazi yao ni kuizuia. Ofisi za leo zimelisafisha: mazao yanayostahimili ukame. Ni jina refu, lakini angalau linamtaja adui kwa haki.

Halafu kuna suala la upepo. Kaskazi, kusi, matlai, demani: msamiati wetu wa majira umezaliwa baharini, kwa watu waliotazama tanga. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na mvua zikapangwa katikati ya pepo hizo. Vuli na masika yakasafiri bara na vitabu vya shule na redio. Ziwa Viktoria, lakini, lina upepo wake. Mchana ardhi hupata joto, hewa ya ziwani huvuma kuja nchi kavu, hukutana na pepo za mashariki, na mawingu hupanda juu ya vilima vya Butiama na nyuma yake. Usiku mambo hugeuka, hewa ya nchi kavu huteremkia ziwani, na dhoruba humkuta mvuvi majini mkulima akiwa kitandani. Kwa kuwa pepo za mashariki ndizo zenye nguvu, unyevu wa ziwa husukumwa kwenda ng'ambo. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Musoma, yenye maji hayohayo mlangoni, hupata chini ya nusu yake. Ukipanda milima kuelekea Tarime mvua huongezeka tena, na huko utaona migomba na kahawa. Mambo yote hayo tunayaita masika.

Bunda, kwenye tambarare zinazoelekea Ghuba ya Speke, mpaka kati ya vuli na masika hauna maana kwa zao lililowajengea watu mabati. Pamba hupandwa Novemba na Desemba, hupita Januari na Februari ikivumilia, hunenepa kwa mvua za Machi na Aprili, na huanza kuchumwa Mei. Kwake hiyo ni safari moja. Mvua inayoitikiwa kwa furaha na shamba la viazi vya jirani mwezi Juni ni msiba kwake, kwa maana vitumba vimeshafunguka na nyuzi ziko wazi. Zikilowa huchafuka, rangi hupotea, na kwenye mizani pamba hiyo husogezwa upande. Madaraja ni mawili: safi na fifi. Sijui ni nani aliyelichagua hilo la pili kutoka kwenye kufifia, ila alikuwa na sikio. Silabi mbili zimeeleza mvua iliyokuja siku isiyo yake, weupe uliokwenda, na bei iliyoshuka. Kamati ingetupa "pamba ya daraja la chini la ubora".

Upande wa Musoma, Majita na vijiji vya ufukweni, neno la kulitazama kwa karibu ni udaga. Muhogo humenywa, huvundikwa chini ya majani au magunia hadi uote ukungu, hukwanguliwa, huvunjwavunjwa, kisha huanikwa. Miamba ya huko ni mipana na hushika joto, na siku njema utaiona kwa mbali ikiwa imegeuka nyeupe kwa unga unaokauka. Hapa Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kuvutia. Kuanika ni kutandaza kitu juani. Kuanua ni kukitoa juani, au kukiokoa na mvua. Na mvua ikikatika, anga likafunguka, tunasema imeanuka. Mama anayekimbia na ungo anaanua, mbingu zikiisha hasira zinaanuka, anaanika upya. Nadhani hakuna taarifa ya hali ya hewa iliyowahi kusema jambo kwa ufupi huo.

Na hapa pana ubishi na neno mavuno. Mvua ya juu ya wastani huweza kukuza mihogo vizuri ardhini na kuiharibu juu ya mwamba. Udaga usiokauka kwa wakati huota ukungu mwingine, usioalikwa, na neno jipya kiasi la sumukuvu, ambalo Watanzania wengi walilisikia mwaka 2016 watu walipopoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyochafuka, lipo ili kutukumbusha kwamba mavuno hayaishi siku ya kung'oa au kukata. Takwimu za uzalishaji hupima kilichotoka shambani. Anayeanua hana safu yake.

Butiama nimeiacha mwisho kwa sababu huko hali ya hewa iliingia kwenye majina ya watu. Chifu wa Wazanaki aliyezaliwa karibu mwaka 1860 aliitwa Nyerere, yaani kiwavi kwa Kizanaki, kwa kuwa alizaliwa viwavi walipovamia nchi. Mwanawe, aliyezaliwa 13 Aprili 1922, masika yakiwa yamekolea, aliitwa kwanza Mugendi, kisha kwa ushauri wa mganga akapewa Kambarage, jina la mzimu wa kike wa mvua. Baba ni mdudu, mtoto ni mvua, na mpangilio huo una mantiki ya shambani: nondo wa viwavijeshi husombwa na pepo hadi kwenye maeneo ya mvua za kwanza, na uvamizi huwa mkali zaidi mvua zinapofuata ukame. Jina la nyumba ile limebeba chanzo na matokeo kwa mpangilio wa kinyume. Tangu mwaka 2017 tunao pia viwavijeshi vamizi, wageni kutoka Amerika, na hawa wana tabia yao: ukavu huwanenepesha, mvua nzito huwaua wakiwa wadogo. Msimu wa kusuasua ni karamu yao.

Kambarage huyohuyo, ambaye taifa lilimjua kama Mwalimu, aliipa lugha ya taifa neno la nyumbani, kung'atuka, alipoachia urais mwaka 1985. Lilipokewa bila kelele kwa sababu Kiswahili hakikuwa na neno lenye heshima hiyo. Kizanaki, Kijita, Kiikizu na Kikurya vina watu waliolima ukanda huu kwa vizazi na vizazi. Waikizu wameujenga utemi wao wenyewe juu ya mvua, na simulizi zao humtaja Nyakinywa, mwanamke mleta mvua, kama mwanzilishi wake. Lugha iliyochukua neno la kuondoka madarakani ingeweza kwenda kuuliza huko majina ya siku kumi kavu katikati ya masika.

Wakati tunasubiri mtu aende kuuliza, mimi ningeurudisha muongo wa siku kumi kazini: taarifa ya muongo wa kwanza wa Aprili, wa pili, wa tatu. Kikwazo ninachokiona ni kimoja tu. Kwa maandishi, muongo wa hesabu na mwongo wa maneno hutofautishwa na herufi moja. Redioni hayatofautishwi na chochote. Siku mtangazaji atakaposema, "Sasa sikiliza utabiri wa muongo," kuna watu pale Bunda, waliokwisha kununua mbegu mara mbili, watakaojibu kwamba hilo walilijua zamani.