Dhoruba na Kosa la Binadamu: Ajali ya Ndege ya Kenya Airways, Douala, 2007
Muda mfupi baada ya saa sita usiku, tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliruka kutoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi, katika mvua ya radi. Ilianguka karibu na uwanja, katika kinamasi cha mikoko. Watu wote 114 walifariki. Hata hivyo, ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2010 haikuilaumu dhoruba. Ilibainisha kwamba ndege ililalia upande wa kulia polepole gizani, ilhali marubani hawakufuatilia ipasavyo vyombo vya kuongozea. Historia inayoishia kwenye radi huficha kosa la binadamu, ambalo ndilo linaloweza kuzuiwa.