Gari la Moshi Nyuma ya Kioo

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Hakuwa dereva, ingawa sisi watoto tulipenda kusema hivyo mbele ya wenzetu. Alikuwa msaidizi wa dereva, mwenye kazi ya kuutunza moto na maji ya injini, na kituo chake kilikuwa Voi. Leo nimekwisha kuupita umri aliofikia yeye. Mezani mbele yangu ipo injini ya bati yenye urefu usiofika nusu mita, nami nataka kueleza imefikaje hapo. Msomaji ataona kwamba habari hii ni ya mzee anayependa vitu vya kuchezea. Ni kweli, lakini ndani yake mna deni.

Mwaka 1957, nikiwa na umri wa miaka tisa, baba alinichukua Mombasa. Katika dirisha la duka moja, nyuma ya kioo, palikuwa na gari la moshi dogo likizunguka juu ya reli ya duara, na mabehewa mawili nyuma yake. Niliganda pale. Baba alinisubiri kwa muda, akaitazama karatasi ya bei, kisha akanigusa bega. "Mwanangu," akasema, "hilo haliwezi kumfikisha mtu hata Mazeras. Langu linafika Nairobi." Tukacheka, tukaondoka. Niliporudi Voi nilitengeneza langu kwa kopo la dagaa, magurudumu yakiwa vifuniko vya soda, nikalivuta kwa kamba ya mkonge. Lakini lile la nyuma ya kioo halikunitoka moyoni.

Baadaye sana, nilipoanza kusoma historia ya vitu hivi, nililitambua katika picha za orodha za zamani. Lilikuwa Hornby Dublo. Mwenye jina hilo, Frank Hornby, alikuwa mtunza hesabu wa Liverpool aliyewatengenezea wanawe vichezeo vya vipande vya chuma vyenye matundu, vya kuungwa kwa skrubu. Hati ya kulinda ubunifu wake aliipata mwaka 1901. Mwaka huohuo reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Yaani wakati mababu zetu wanaliona gari la moshi kwa mara ya kwanza, Mwingereza mmoja alikuwa anafikiri namna ya kuutia ufundi wa chuma mikononi mwa watoto.

Si yeye aliyekuwa wa kwanza. Wajerumani wa Märklin, walioanza mwaka 1859 katika mji wa Göppingen kwa kutengeneza vyombo vya bati vya jikoni za wanasesere, walipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig ya mwaka 1891 treni zenye reli za vipimo maalumu. Hilo laonekana jambo dogo, lakini ndilo lililozaa ukusanyaji. Kabla yake mtoto alipewa kichezeo kimoja kilichokamilika. Baada yake alipewa mwanzo wa kitu kisicho na mwisho, kwa maana kila mwaka angeweza kuongeza behewa, njia panda, stesheni na daraja, na vyote vikaingiana na vya mwaka uliopita. Mfanyabiashara aliyegundua hilo hakuuza treni. Aliuza hamu ya treni ijayo.

Hornby alianza kuuza treni za ufunguo, zenye springi kama saa, mwaka 1920. Mwaka 1937, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, kiwanda chake kilitoa injini kubwa ya umeme iliyoitwa Princess Elizabeth, ndani ya sanduku la mbao, kwa bei ya gini 5. Wafanyakazi wengi wa Uingereza wa siku hizo hawakuzipata fedha hizo kwa wiki nzima ya kazi. Mwaka 1938 ikafuata Dublo, ndogo ya kutosha kuwekwa juu ya meza ya chakula. Katika kiwanda cha Binns Road, Liverpool, wanawake wengi walikaa wakiunganisha na kupaka rangi vitu ambavyo watoto wao wenyewe waliviona madukani tu. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mtoto wa Voi. Kumbe kioo kile kilikuwa kirefu, kikianzia palepale kiwandani.

Nilikwenda Manchester mwaka 1978 kusomea ufundi wa umeme. Nilikusudia kukaa miaka miwili, nikakaa ishirini na mmoja. Jambo la kwanza nililofanya nilipopata Jumamosi ya kupumzika lilikuwa kwenda Gorton, mahali palipokuwa kiwanda cha Beyer Peacock. Hapo ndipo zilipozaliwa zile injini 34 za daraja la 59 zilizoletwa kwetu miaka ya 1955 na 1956, zile ambazo baba alizifanyia kazi. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, ikipinda kiunoni kwenye kona, ikitumia mafuta mazito badala ya makaa, na imepakwa rangi ya damu ya mzee. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja duniani iliyozishinda nguvu. Lakini kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu mwaka 1966. Nilisimama barabarani kwa dakika chache, nikarudi zangu.

Mwaka uliofuata ndipo niliponasa. Katika ukumbi wa kanisa moja palikuwa na mnada wa treni ndogo. Nilikuta meza zimepangwa, na wanaume wa umri wa miaka hamsini na kitu wamezipinda kuzitazama injini kwa miwani za kukuzia. Sikuona mtoto hata mmoja. Nikanunua behewa moja la Dublo kwa fedha ndogo, na tangu siku hiyo sikukosa mnada.

Nilijifunza haraka. Nilijifunza kwamba boksi tupu la buluu laweza kugharimu zaidi ya behewa lililokosa boksi, kwa kuwa watoto walilitupa boksi na kulitunza behewa. Nilijifunza kwamba injini iliyopakwa rangi upya hupoteza thamani hata ikipendeza zaidi. Nilijifunza kuigeuza kwanza na kuyatazama magurudumu, maana uso huficha umri lakini miguu haifichi. Tena niligundua kwamba hata katika vitu hivi mna uongo mdogo. Treni hizi za Uingereza zimepunguzwa mara 76, lakini reli yake, yenye upana wa milimita 16.5, ni nyembamba kuliko inavyopasa kwa kipimo hicho. Reli ilifuata kipimo cha nchi nyingine, lakini injini za Kiingereza, zikiwa na umbo dogo, zilibidi kukuzwa kidogo ili mota iingie. Wakusanyaji wote wanalijua hilo, wamelizoea, na hulisamehe.

Jambo nililochelewa kujifunza ni kwa nini wale wanaume walikuwa pale. Kampuni ya Hornby ilinunuliwa mwaka 1964 na Lines Bros, wenye Tri-ang; hao nao wakaanguka mwaka 1971. Utengenezaji wa treni ukawa umehamia Margate, na lile jengo la Binns Road likafungwa mwaka 1979. Walionunua minadani ni watoto wa enzi ya Binns Road waliokuwa sasa na mishahara. Wengine walikuwa wanakinunua tena kile walichokuwa nacho, kikauzwa na mama walipoingia jeshini. Wengine, nami nikiwa miongoni mwao, tulikuwa tunakinunua kile tulichokitazama tu. Hayupo mtu aliyenunua chuma. Kila mmoja alikuwa anakilipia kioo.

Mwaka 1981 baba aliniandikia barua. Alikuwa amestaafu, na paa la nyumba ya Voi lilikuwa limetoboka juu ya chumba chao cha kulala. Aliomba fedha za mabati ishirini. Hakuwa na desturi ya kuomba. Barua ilianza kwa salamu ndefu, na ombi lenyewe lilikaa mwishoni, mistari miwili. Fedha nilikuwa nazo. Lakini Jumamosi ileile, mnadani, niliona injini ya kabla ya vita, ndani ya boksi lake, pamoja na karatasi yake ya maelekezo. Niliinunua. Nilimtumia baba nusu ya alichoomba, nikaandika kwamba kazi imekuwa ngumu na ya mwezi ujao nitamalizia. Mwezi uliofuata palikuwa na mabehewa ya kuifuata injini.

Baba alifariki mwaka 1983. Nilifika Voi siku ya tatu baada ya mazishi. Nilipoingia ndani niliona paa ni zima, bati zote mpya, nikapumua. Nikamwuliza mama kama zile nilizotuma zilitosha.

"Hazikutosha," mama akasema. "Mvua za vuli zilitukuta hivyohivyo. Maji yaliingia kwenye kasha la baba yako."

Katika kasha lile mlikuwa na kitabu chake cha kazi, picha aliyopigwa na wenzake mbele ya injini mpya, na barua ya kustaafu. Zilikuwa zimeshikana kama mkate uliolowa, akazitupa. Bati zilizobaki baba alizinunua mwenyewe, kwa kuuza kofia yake, filimbi, na taa ya mkono ya shaba aliyoachiwa na wakubwa zake siku ya mwisho. Alimwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita na mkokoteni, kwa uzito.

Mama hakusema hayo kwa kunilaumu. Hakujua habari za injini. Mimi ndiye niliyejua.

Nilirudi Manchester, na katika mnada wa kwanza niliohudhuria niliona, kwenye meza ya pembeni, taa ya mkono ya reli. Haikuwa ya kwetu, ilikuwa ya shirika la Kiingereza. Karatasi ya bei iliyofungwa kwenye mpini ilionyesha fedha za kutosha mabati ishirini, na chenji ikabaki. Watu waliishika kwa heshima, wakaulizana ilitumika stesheni gani na nani aliibeba. Nikatoka nje.

Ile injini ya mabati nayo ilikuwa na lake. Siku moja niliitoa kwenye boksi nikaona ufa mwembamba ubavuni. Baada ya miezi ufa ukawa matawi, na kipande kikaanguka kwenye kiganja changu kama ganda la yai. Ni ugonjwa unaojulikana kwa wakusanyaji. Aloi ya zinki ya siku zile, ikichanganyika na risasi kidogo tu wakati wa kuyeyushwa, huanza kuoza ndani kwa ndani, ikavimba na kupasuka. Viwanda vingi vya kabla ya vita viliupata, na dawa haina. Aliyeniuzia hakunidanganya, kwani ubovu ulikuwemo tangu siku ilipomiminwa, ukisubiri.

Niliendelea kuweka mkusanyo kwa miaka kadhaa zaidi, kwa maana mazoea yana taabu. Nilipoamua kurejea nyumbani mwaka 1999 niliuza vyote. Nilipata pungufu ya nilivyotoa. Wanaume wa miaka hamsini na kitu walikuwa sasa wa sabini, na hao huuza zaidi kuliko kununua. Hilo nalo ni somo la historia. Thamani ya kichezeo hudumu kadiri wanavyodumu wale waliokitamani utotoni. Wakiondoka wao, hubaki bati na rangi, hata mtoto mwingine atamani kingine.

Katika orodha zote za Hornby nilizowahi kufungua sikuiona injini ya baba. Basi niliitengeneza mwenyewe. Nilikwenda Nairobi, kwenye jumba la makumbusho ya reli lililofunguliwa mwaka 1971, ambako imehifadhiwa nambari 5918, Mount Gelai, yenye jina la mlima ulio kaskazini mwa Tanzania. Nilipima kwa utepe na kuandika, mlinzi akinitazama. Injini yenyewe ina karibu mita 32. Ukigawa kwa 76 unapata sentimita 42. Nilikata debe la mafuta ya kupikia, nikalihomu, nikapaka rangi ya damu ya mzee. Haina mota. Magurudumu hayako sawasawa. Mnadani isingepata mnunuzi.

Mjukuu wangu aliikuta mezani akauliza bei yake. Nilimweleza kwamba haiuzwi, kisha, kwa kuwa alikaa kunisikiliza, nikamweleza habari za mabati. Hakuna mtu niliyepata kumweleza kabla yake, na mama alikuwa amekwisha kufariki. Kijana alinyamaza, akaigusa injini kwa kidole, akauliza babu yangu huyo alikaa upande gani humu ndani. Nikamwonyesha kibanda kilicho katikati, upande wa kushoto, pale penye moto.