Klorokwini na kitenzi kilichodondoka

Mwishoni mwa Machi 2020, siku chache baada ya Kenya kutangaza kisa chake cha kwanza cha korona, mzee mmoja alinisimamisha sokoni Keroka, mji unaoshirikiwa na Kisii na Nyamira. "Mwalimu, nasikia klorokwini inatibu hii kitu. Si hiyo ni ile dawa yetu ya malaria?" Nilimwambia ni ile ile. Kuhusu kutibu, nilimwomba asubiri.

Swali lake lilikuwa na historia. Klorokwini iliundwa mnamo 1934 na Hans Andersag katika maabara za Bayer, Ujerumani. Sisi tuliolelewa milimani Gusii twaikumbuka kwa uchungu wake na mwasho uliotukosesha usingizi. Malaria ya milimani huja kwa mkurupuko, ikiwakumba watu wasio na kinga ya kutosha. Kisha vimelea viliizoea dawa, na mikurupuko ya miaka ya 1990 ikatuacha na makaburi mengi. Mnamo 1998 Kenya iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria.

Basi ilirudije? Ni kwamba dawa hubadilishiwa kazi. AZT iliundwa mnamo 1964 kwa ajili ya saratani, ikashindwa. Mnamo 1987 ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani dhidi ya virusi vya Ukimwi. Dawa kuukuu ina faida: madhara na kipimo chake vinajulikana.

Zamani ugunduzi wa aina hii ulitegemea sana bahati. Siku hizi kompyuta hupewa umbo la protini ya virusi, mithili ya kufuli, kisha hujaribisha maelfu ya dawa kama funguo. Njia nyingine ni kuipa kompyuta rundo la tafiti itafute uhusiano. Kwa njia hii ya pili, mnamo Februari 2020, watafiti wa BenevolentAI, London, walipendekeza barisitinibu, dawa ya baridi yabisi. Ilijaribiwa kwa wagonjwa, na Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wenye korona kali.

Klorokwini haikuwa na bahati hiyo. Maabarani ilizuia virusi katika seli za figo za tumbili, lakini katika seli za mapafu ya binadamu haikufua dafu. Juni 2020, jaribio la RECOVERY, Uingereza, lilionyesha kuwa ndugu yake, haidroksiklorokwini, haipunguzi vifo. Mwezi huo huo, jaribio hilo lilionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, huokoa maisha ya wagonjwa wanaohitaji oksijeni.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mtafiti husema dawa "inaweza kuzuia virusi katika seli". Habari ikifika redioni, "inaweza" imedondoka. Ikifika sokoni, seli nazo zimedondoka, imebaki "inatibu". Kitenzi kimoja kimepotea njiani, na mtu ameshakimbilia duka la dawa.

Sisi wa Kiswahili tutenganishe kauli tatu: kompyuta imependekeza, maabara imeonyesha, wagonjwa wamepona. Yule mzee hakukosea kuuliza. Yeye aliyeiona klorokwini ikishindwa na malaria angeelewa haraka kuliko wengi kwamba dawa hupimwa kwa anayeinywa. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza hivyo kwa lugha yake.