Riba, Ada na Faini: Bei ya Pesa ya Kukopa

Neno riba lina maisha mawili Mombasa. Msikitini ni jambo lililoharamishwa. Benkini ni hesabu ya kila siku. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya ziada au ongezeko, na wanauchumi wanalitumia kwa maana iyo hiyo: malipo anayotoa mkopaji juu ya fedha aliyokopa, kwa sababu amekaa nayo kwa muda fulani.

Huo muda ndio unaosahaulika. Kusema riba ni asilimia 4 na kunyamaza hapo ni sawa na kutaja bei ya kitambaa bila kueleza kama ni ya yadi au ya jora zima.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza asilimia 4 kwa mwaka. Mwanafunzi wa Kisauni anayevuka Daraja la Nyali kwenda Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor, akiwa na deni la shilingi 40,000, riba yake ya mwaka ni shilingi 1,600. Akimaliza masomo ana mwaka mmoja wa kujipanga kabla ya kuanza kulipa. Akipuuza baada ya hapo, linaingia neno la pili: faini, ambayo sheria imeiweka kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Faini ya mwezi mmoja tu inaipita riba ya miaka mitatu ya deni lile.

Neno la tatu ni ada, na hili ndilo lililomo kwenye simu. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilipoanza Novemba 2012 haikutaja riba. Ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayeitazama ile 7.5 kando ya 4 ya HELB huona tofauti ndogo. Lakini moja ni ya mwezi na nyingine ni ya mwaka. Ukiizidisha ada ile kwa miezi 12 unapata asilimia 90.

Tofauti ya majina ilifika hadi kwenye sheria. Septemba 2016 Kenya iliziwekea benki kikomo cha riba: pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, basi. Ada ya M-Shwari haikuguswa, kwa hoja kwamba ni ada ya huduma, si riba. Kikomo chenyewe kiliondolewa Novemba 2019.

Kufikia hapo Fuliza, huduma nyingine ya mikopo ya simu, ilikuwa tayari imeingia, Januari mwaka huohuo. Mpwani analijua neno hilo tangu zamani: kufuliza ni kuendelea bila kusita. Leo "nimefuliza" maana yake ni kwamba salio halikutosha na simu imejazia. Pesa yoyote ikiingia kwenye M-Pesa, deni hukatwa kwanza. Gharama yake ni asilimia 1 ya kuanzia, kisha ada ya kila siku inayohesabiwa kwa shilingi. Kwa viwango vilivyotangazwa Oktoba 2022, siku tatu za mwanzo ni bure kwa deni lisilozidi shilingi 1,000. Baada ya hapo, deni la kati ya shilingi 101 na 500 hulipiwa shilingi 3 kwa siku. Kijana wa Changamwe akifuliza 200 za nauli na chakula, akalipa siku ya pili, anatoa shilingi 2 za ziada. Akikaa nalo siku 30, ziada inafika shilingi 83. Aliyechukua 500 kwa siku hizohizo anatoa 86. Ada ya shilingi humbana zaidi aliyekopa kidogo.

Wanaokwepa riba kwa sababu ya dini wana msamiati wao. Barclays ilifungua akaunti iitwayo La Riba, yaani hakuna riba, mwaka 2005. Gulf African Bank ikafuata mwaka 2008. Katika murabaha, benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei ya juu zaidi iliyokubaliwa tangu mwanzo. Ziada hiyo huitwa faida, na haikui mteja akichelewa.

Ili maneno haya yote yapimwe kwa kipimo kimoja, istilahi inayofaa ni gharama ya mkopo kwa mwaka: jumla ya kila kinacholipwa juu ya fedha iliyokopwa, kiitwe riba, ada au faida, kikigeuzwa kuwa asilimia ya mwaka mzima. Kipimo hiki hufanya kazi hata kwenye daftari la duka la mtaani Likoni. Unga wa shilingi 200 ukikopeshwa kwa bei ileile ya taslimu hadi mwisho wa mwezi, gharama ni sifuri. Ukiandikwa 220, ni asilimia 10 kwa mwezi, yaani 120 kwa mwaka, kubwa kuliko hata ile ada ya M-Shwari.